Pakiti Moja ya Unga, Lugha Zaidi ya Arobaini

Pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi uliosagwa Nairobi hufika Kakamega, Machakos, Garissa na Kilifi ikiwa na uzito uleule na ladha ileile. Kinachobadilika njiani ni maneno yanayoitangulia: tangazo la redioni, bango la barabarani, mwito wa kijana mwenye kipaza sauti juu ya lori siku ya soko. Kenya ina lugha zaidi ya arobaini. Kampuni inayotaka kuuza nchi nzima hulazimika kujibu swali ambalo mwenzake wa Dar es Salaam huliuliza mara chache: tangazo hili lisemwe kwa lugha gani? Mazungumzo ya leo yanahusu swali hilo, na jingine linalolifuata, ambalo halina waulizaji wengi: mteja akishavutwa kwa lugha yake, anaelezwa masharti kwa lugha ipi?

Hali ilivyo ni hivi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Wakikuyu, ambao ndio wengi zaidi, walizidi kidogo milioni 8. Waluhya walikaribia milioni 7, Wakalenjin walipita milioni 6, Wajaluo milioni 5, na Wakamba hawakuwa mbali na hao. Msikilizaji hana haja ya kuziweka kichwani tarakimu zote hizo. Moja tu inatosha: hata jamii kubwa kuliko zote haifikii mtu mmoja katika kila watano. Hakuna lugha ya mama ambayo mfanyabiashara anaweza kuitumia peke yake akasema ameifikia Kenya.

Tena kuhesabiwa katika jamii fulani si hakikisho la kuzungumza lugha yake. Mtoto aliyezaliwa katika mitaa ya Umoja au Buruburu, Nairobi, huenda akaandikwa Mkamba kwenye sensa, na Kikamba akakisikia tu Krismasi, familia inaposafiri kwenda Kitui kwa nyanya yake.

Juu ya lugha za nyumbani ziko lugha mbili zilizotajwa katika Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010. Kiswahili ni lugha ya taifa, na vilevile ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara hiyohiyo inaitaka serikali ilinde na kukuza lugha nyinginezo za watu wa Kenya. Hayo ni ya katiba. Maisha ya kila siku yana mgawanyo wake. Chukua mfano wa mama mboga wa mtaa wa Kawangware, Nairobi. Asubuhi anamsalimu jirani kwa Kiluhya. Sokoni anapigania bei ya sukumawiki kwa Kiswahili. Mwanawe anarudi kutoka shule na kumjibu kwa Sheng. Jioni simu inalia, ni ujumbe wa mkopo, na umeandikwa kwa Kiingereza. Lugha ya mama huyu ni ipi? Zote ni zake, na kila moja ina kazi yake. Kampuni nyingi huteleza hapa. Zinauliza mteja anajua lugha gani, na kusahau kuuliza lugha hiyo huitumia kwa shughuli gani.

Tuanze na Kiswahili, kwa sababu ndicho lugha ya duka. Ukitazama rafu za duka lolote la mtaani, Kenya inasomeka kwa Kiswahili: unga wa Jogoo, mafuta ya Kasuku, majani ya chai ya Fahari ya Kenya, vidonge vya Mara Moja. Jogoo na kasuku wamechorwa kwenye pakiti zao, hivyo hata asiyejua kusoma anaweza kunyoosha kidole na kupewa anachotaka. Kwenye simu mambo ni yayo hayo. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, mwito wake wa kwanza ulikuwa wa Kiingereza, wa kuwataka watu watume pesa nyumbani, lakini jina lenyewe lilibeba neno ambalo kila Mkenya alikuwa nalo mdomoni. Huduma nyingine za kampuni yenye M-Pesa zilifuata njia hiyohiyo: Okoa Jahazi kwa aliyeishiwa na salio, M-Shwari mwaka 2012, Fuliza mwaka 2019.

Nguvu kubwa ya Kiswahili katika biashara ya Kenya ni kwamba hakina mwenyewe bara. Bidhaa yenye jina la Kiswahili haiulizwi ni ya kabila gani. Katika nchi ambayo jina la ukoo la mtu linatosha kuwafanya wengine wakisie anampigia nani kura, hiyo si faida ndogo.

Kasoro yake ni kwamba Kiswahili kipo cha kila aina. Cha Mombasa si cha Nairobi, na cha Nairobi si cha Kisumu. Tangazo la Kiswahili fasaha kilichonyooka sana, lenye lafudhi ya pwani au ya Tanzania, hupendwa kusikilizwa bara kwa utamu wake, ila msikilizaji wa Nyeri anaweza kulihisi kama taarifa ya habari: linapendeza, lakini halimhusu. Kibaya zaidi ni Kiswahili kilichoandikwa ofisini na mtu anayefikiri kwa Kiingereza. Mfano ulio wazi kuliko yote ni saa. Mwandishi ana karatasi inayosema ofa inaisha saa nane za usiku kwa hesabu ya Kiingereza. Anaihamisha tarakimu kama ilivyo, na tangazo linasomwa: ofa itaendelea hadi saa nane usiku. Msikilizaji, ambaye kwake saa nane usiku ni usiku wa manane, anajua ana muda tele. Anafika saa tatu na kukuta mlango umefungwa. Hapo hakuna neno gumu wala sarufi iliyovunjika. Kila neno ni la Kiswahili, na tangazo zima ni la uongo.

Sasa, wasikilizaji, tuje kwenye lugha za mama, ambako pesa nyingi za matangazo zimeelekea tangu mwanzoni mwa karne hii. Kwa miaka mingi redio ilikuwa ya serikali peke yake. Sauti ya Kenya, ambayo baadaye ilikuja kuwa KBC, ilikuwa na idhaa ya Kiswahili, idhaa ya Kiingereza, na vipindi vya lugha nyingine vilivyopangiwa saa zao. Mlango wa vituo binafsi ulifunguka katika miaka ya 1990, na mwaka 2000 Kameme FM ikaanza kutangaza kwa Kikuyu. Serikali ya wakati huo haikufurahi. Rais Daniel arap Moi alitaka vituo vitangaze kwa Kiswahili na Kiingereza pekee, kwa hoja kwamba lugha za kikabila zingewagawa watu. Vituo havikuzuilika. Zikaja Inooro kwa Kikuyu, Ramogi kwa Dholuo, Musyi kwa Kikamba, Mulembe kwa Kiluhya, Egesa kwa Ekegusii, Kass na Chamgei kwa Kikalenjin, Muuga kwa Kimeru, na nyingine nyingi.

Kwa nini wafanyabiashara walizikimbilia? Jibu la haraka ni kwamba wasikilizaji walikuwa huko, na ni jibu la kweli, ingawa halitoshi. Redio ya lugha ya mama ilimpa mwenye duka la mabati wa Machakos nafasi ya kutangaza kwa watu ambao wanaweza kupanda matatu na kuja kununua. Tangazo katika redio ya nchi nzima lingempotezea pesa, maana mtu wa Lodwar hatasafiri hadi Machakos kwa ajili ya misumari. Kwa hiyo vituo hivi vilileta watangazaji biashara wapya kabisa: wauza mbegu, shule za bweni, vyama vya akiba na mikopo, wenye ploti, waganga wa mitishamba.

Sababu nyingine ni mtangazaji mwenyewe. Katika vituo hivi tangazo lenye nguvu mara nyingi si lile lililorekodiwa studio kwa muziki na sauti za waigizaji. Ni lile ambalo mtangazaji wa asubuhi analiingiza katikati ya maongezi yake. Anacheka na mpiga simu, anauliza habari za mvua, kisha anasema dawa fulani ya kupe inapatikana duka fulani mkabala na stendi. Msikilizaji amezoea sauti hiyo kwa miaka. Anaiamini kama ya mtu wa nyumbani, na imani hiyo ndiyo inayonunuliwa. Ndiyo maana hatari yake nayo ni kubwa. Mtangazaji aliyeaminiwa anaposifu mpango wa kupanda fedha uvune mara tatu, msikilizaji hana kinga. Ulaghai uliosemwa kwa Kiingereza ungemfanya asite kidogo na kumwita mwanawe amsomee. Uliosemwa kwa lugha ya mama yake unapita moja kwa moja.

Lugha ya mama ina mitego mingine ambayo ofisi za Nairobi huigundua zikiwa zimechelewa. Mtego wa kwanza ni kudhani kwamba jina moja ni lugha moja. Waluhya ni jina la jamii nyingi: Wabukusu, Wamaragoli, Waisukha, Wawanga, Wasamia na wengineo. Mbukusu na Mmaragoli wanaposikilizana kwa lugha zao, kila mmoja huacha mengi yampite, na tangazo la Kimaragoli likichezwa Bungoma litaonekana la jirani. Wakalenjin nao ni hivyohivyo: Wanandi, Wakipsigis, Watugen, Wamarakwet, Wapokot. Wamijikenda ni tisa. Vituo hujaribu kutumia lugha ya katikati, au huchanganya watangazaji wa lahaja mbalimbali katika ratiba ya siku. Kampuni inayonunua dakika zake pale inafaa iulize ni nani atakayelisoma tangazo, na saa ngapi.

Mtego wa pili ni heshima. Kwa Kiingereza, amri ni kitu cha kawaida katika tangazo: nunua, piga simu, fanya hima. Msichana wa miaka ishirini akiwasemesha hivyo wazee kwa lugha ya kwao, atasikika hana adabu, na bidhaa itachukua lawama pamoja naye. Waandishi wazuri wa matangazo hukwepa jambo hili kwa kuwapa maneno wahusika wa rika moja: majirani wawili kisimani, mume na mke mezani, wazee wakicheza bao. Amri inapotea na mazungumzo yanabaki.

Mtego wa tatu ni mambo yasiyosemeka. Katika jamii nyingi, hedhi, kondomu au maradhi ya sehemu za siri hayatajwi kwa lugha ya nyumbani mbele ya wazazi na wakwe. Lugha ya pili hutoa kivuli kidogo, na kwa hiyo sodo na kondomu hutangazwa zaidi kwa Kiswahili na Kiingereza. Lakini kivuli hicho nacho kina mpaka. Machi 2013 tangazo la televisheni la kampeni ya afya liliwaonyesha wanawake wawili wakizungumza kuhusu kondomu na mpango wa kando (mpenzi wa nje ya ndoa), maneno ambayo mtaani yalikwisha kuzoeleka. Viongozi wa dini, Wakristo na Waislamu, walilalamika kwamba linahalalisha uzinzi, na likaondolewa. Kuna jambo la kuangalia hapa. Lingekuwa la Kiingereza rasmi, huenda lingepita bila kelele nyingi. Kwa Kiswahili lilieleweka sebule zote za nchi kwa wakati mmoja, baba akiwa kwenye kiti na watoto wakiwa kwenye zulia.

Na uko mtego wa nne, wa siasa. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, tume ya Jaji Philip Waki ilitaja baadhi ya redio za lugha za mama miongoni mwa zilizochochea uhasama. Sheria ya utangamano wa kitaifa ikapitishwa mwaka 2008. Kwa mwenye bidhaa, fundisho ni la kawaida tu: tangazo hukaa jirani na kipindi. Kampuni inayojitangaza sana kwa lugha moja na kuzipuuza nyingine hupachikwa kabila, na ikishapachikwa, kulibandua jina hilo ni kazi ya miaka. Kwa hiyo kampuni kubwa hununua nafasi katika vituo vya jamii mbalimbali kwa pamoja, hata pale ambapo hesabu ya mauzo peke yake isingezipeleka huko.

Sheng inahitaji maneno machache. Ni lugha ya vijana wa mijini, na Ghetto Radio ya Nairobi imejijengea jina kwayo. Jarida la vibonzo la Shujaaz, lililoanza 2010 na kugawiwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, lilitumia Sheng kuwaeleza vijana mambo ya kilimo, biashara na siasa, na likatuzwa nje ya nchi. Ugumu wa Sheng ni kwamba haisubiri mtu. Ya Dandora hutofautiana na ya Kibera, na ya mwaka huu si ya mwaka uliopita. Kutoka siku mwandishi anapoandika hadi siku bango linapotundikwa, neno linaweza kuwa limezeeka. Kijana anayesoma bango la benki lenye Sheng iliyochacha hucheka, na si kicheko ambacho benki ilikilipia. Wanaofaulu ni wale wanaowaajiri vijana wenyewe waandike, kisha wakubwa wa ofisi wakakaa kimya, jambo ambalo wakubwa huliona gumu kuliko gharama.

Lugha zenye wasemaji wachache hupata kidogo sana. Kuandika na kurekodi tangazo la Kirendille kunagharimu karibu sawa na la Kikuyu, na wanunuzi ni wachache. Kwa hiyo kaskazini mwa nchi hutegemea vituo vya jamii na vya kanisa, kama Radio Akicha ya Lodwar na Radio Jangwani ya Marsabit, ambavyo matangazo yake mengi ni ya chanjo, elimu na maji. Kisomali kina hali yake ya pekee. Star FM hutangaza kwa lugha hiyo, na soko la lugha hiyo linavuka mpaka, hivyo mfanyabiashara wa Garissa au Eastleigh ana wateja wa pande zote mbili.

Je, tangazo la lugha nyingi hutengenezwaje vizuri? Wenye ujuzi hawaanzi na maneno ya Kiingereza wakayagawa kwa watafsiri. Huanza na jambo linalotakiwa kueleweka: bei ni hii, inapatikana hapa, inafanya kazi hivi. Kila mwandishi hupewa hayo, akatunga kwa lugha yake anavyojua yeye. Kisha mtu mwingine, ambaye hakuona maagizo ya mwanzo, hurudisha maneno hayo kwa Kiswahili au Kiingereza, na pande mbili zikalinganishwa. Kosa la saa lililotajwa hapo awali lingenaswa kwa njia hiyo katika dakika tano. Mwishowe tangazo huchezwa mbele ya watu wachache wa mahali husika, wakiwemo wazee, na mwenye kampuni huuliza wamesikia nini. Akiuliza kama wamelipenda, atajibiwa kwa adabu kwamba ni zuri sana.

Sasa turudi kwenye swali la pili lililotajwa mwanzo. Mteja amevutwa kwa lugha yake. Ameamini. Anapiga nambari, anabonyeza, anakubali. Anaelezwa masharti kwa lugha ipi? Kila msikilizaji anaijua ile sehemu ya mwisho ya tangazo, sauti inapoanza kukimbia kama inafukuzwa: vigezo na masharti kuzingatiwa. Hayo masharti yenyewe yako wapi? Mara nyingi yako kwenye tovuti, kwa Kiingereza cha mawakili, kurasa nyingi, herufi ndogo. Wimbo wa tangazo ulikuwa wa Kikamba, mkataba ni wa Kiingereza.

Mkopo wa simu unaonyesha hilo vizuri. Anayekopa shilingi elfu moja anahitaji kujua mambo matatu. Atarudisha ngapi? Lini? Akichelewa, atawekwa CRB, yaani kwenye kumbukumbu za wakopaji wasiolipa, baada ya siku ngapi, na hilo litamzuia kufanya nini? Hakuna lugha ya Kenya inayoshindwa kuyaeleza hayo. Kampuni iliyoweza kupata mwandishi wa kuisifu huduma kwa Dholuo inaweza kumlipa mwandishi huyohuyo aeleze adhabu ya kuchelewa kwa Dholuo. Inapoacha kufanya hivyo, ni vigumu kuamini kwamba tatizo lilikuwa ukosefu wa maneno.

Sheria nayo haiko kimya. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa au huduma anayolipia. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inakwenda mbele zaidi: kutoelewa lugha ya makubaliano imekutaja miongoni mwa mambo yanayoweza kuonyesha kwamba mnunuzi alitendewa visivyo haki. Kwa hiyo kampuni inayouza kwa lugha moja na kufunga mkataba kwa nyingine inapaswa kujua kwamba mteja wake ana hoja.

Kwa sasa pengo hilo linazibwa na watu wasiolipwa. Wakala wa M-Pesa anamsomea mzee ujumbe uliomjia. Muuzaji wa duka la agrovet anaeleza kwa Ekegusii kipimo cha dawa kilichoandikwa kwenye chupa kwa herufi ndogo. Mtoto wa darasa la saba anamfafanulia mama yake kwa nini pesa zimekatwa. Wakikosea, anayepata hasara ni mteja. Kampuni inayotafuta pa kuanzia inaweza kuanzia kwa watu hawa: iwape mawakala wake karatasi moja ya masharti kwa lugha ya eneo lao, iliyotungwa na mtu wa pale, na iweke kwenye simu ya malalamiko mtu anayeweza kujibu kwa lugha ileile iliyotumika kwenye tangazo.